Goku Afa Njaa: Gemu za Anime Tangu 1980 Hadi Leo

Mwaka 1988 kampuni ya Bandai ilipeleka Marekani gemu iliyoitwa Dragon Power. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa ajabu aitwaye Goku, fimbo inayorefuka na wingu la kupanda, ila jina la Dragon Ball lilikuwa limeondolewa, maana huko wakati ule hakuna aliyelijua. Bulma, msichana anayesafiri naye, alibatizwa Nora. Mzee Roshi, ambaye katika gemu ya Kijapani udhaifu wake ni chupi za mabinti, alifanywa mpenda sandwichi.

Habari ya sandwichi ndiyo inayosimuliwa na kuchekwa sana. Kwangu mimi kioja kikubwa zaidi ni ile namba inayoonyesha nguvu za Goku. Namba hiyo hushuka yenyewe. Ukitembea inashuka, ukipigana inashuka, ukisimama kujikuna inashuka, na usipookota chakula kwa wakati mchezo umekwisha. Huyu ni mtoto ambaye mwanzoni kabisa mwa hadithi ya Akira Toriyama anapigwa risasi na Bulma na kuishia kulalamika kwamba inauma. Risasi haikumuua, gemu ikamuua kwa njaa. Waliobuni kanuni ile walichukua desturi ya mashine za sarafu, ambako mchezaji lazima akimbizwe na muda ili aingize sarafu nyingine, wakaibandika sura ya Goku bila kujiuliza kama inamkaa.

Na bado gemu ile, ambayo Japani ilitoka mwaka 1986 kwa jina la Dragon Ball: Shenron no Nazo, iliuza nakala zaidi ya milioni moja. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii msemo umepinduka tangu siku za mwanzo: kibaya kilijiuza chenyewe, mradi kina sura ambayo mtoto ameiona kwenye televisheni jioni ya jana. Historia ya gemu za anime, yaani katuni za Kijapani, ni ya watu waliopewa jina linalouza hata wakilala. Wengi wao walilala. Nitawataja hao kwa kuwa hawakwepeki, lakini ninaowafuata hasa ni wachache waliokesha.

Miongoni mwa za kwanza ni Lupin III ya kampuni ya Taito, iliyotoka mwaka 1980 kwenye mashine za sarafu. Mchezaji anaiba magunia ya pesa na kuwakwepa polisi. Ukimwondoa Lupin ukaweka mwizi mwingine yeyote, hakuna kitakachoharibika. Miaka 3 baadaye kampuni ya Stern ya Marekani ikaja na Cliff Hanger, na Lupin huyohuyo akiitwa Cliff. Safari hii zilitumika picha halisi za filamu, nyingi zikiwa za The Castle of Cagliostro ya mwaka 1979, filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Hayao Miyazaki. Mchezaji anatazama gari la kina Lupin likipanda ukuta wa mlima, na kazi yake ni kusukuma mkono wa mashine upande unaotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Akikosea, filamu inamwonyesha akifa. Mashine moja ilikuwa na mchezo bila anime, nyingine ilikuwa na anime bila mchezo. Tangu hapo gemu mbovu za aina hii zimekuwa zikiangukia upande mmoja au mwingine.

Famicom ya Nintendo ilipoingia madukani Japani Julai 1983, Bandai ilikuwa kampuni kongwe ya vitu vya watoto, iliyoanzishwa mwaka 1950, yenye uzoefu wa kugeuza roboti za kwenye televisheni kuwa vinyago vya plastiki. Kwao katriji ilikuwa kinyago kipya. Mwaka 1985 walitoa gemu ya mieleka ya Kinnikuman, nayo ikapita milioni moja. Ni gemu nyepesi, wawili kwa wawili ulingoni, ambapo mara kwa mara unarushwa mpira wa nguvu na anayeudaka ndiye anayeruhusiwa kutoa pigo lake maalumu. Kusema kweli, mpira ule ni wazo zuri kuliko mengi yaliyofuata miaka 10 baadaye, kwa sababu wanamieleka wote wawili wanaacha kupigana na kuukimbilia, na chumba kizima cha watoto kinapiga kelele.

Kazi yenyewe ya kuandika programu mara nyingi haikufanywa na waliotia jina kwenye boksi. Palikuwa na kampuni kama TOSE ya Kyoto, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambayo ilitengeneza gemu kwa mamia na kwa desturi haikutaka kutajwa. Shenron no Nazo ni kazi yao. Hali hiyo inaeleza mengi. Mwenye haki ya hadithi anataka ada yake, mwenye kiwanda anataka katriji ziwe madukani kipindi kikiwa bado hewani, na fundi asiyetajwa popote anataka kumaliza aanze oda nyingine. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeulizwa kwa nini Goku anakufa njaa. Ndiyo kazi ya bora liende.

Sega nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1986 Yuji Naka, ambaye baadaye angejulikana dunia nzima kwa Sonic, aliandika programu ya gemu ya anime ya Hokuto no Ken. Ilipovuka bahari, kwa kuwa haki za jina hazikusafiri nayo, ilichorwa upya na kuitwa Black Belt: mtu wa karate anatembea, anapiga, anatembea. Gemu ya Hokuto no Ken iliyofuata, ya mashine yao ya Mega Drive, ikapelekwa nje kwa jina la Last Battle. Gemu inayoweza kuvuliwa hadithi yake yote na kubaki vilevile haikuwa imeivaa hadithi hiyo sawasawa toka mwanzo.

Cha kushangaza ni kwamba mwaka uleule wa 1986, miezi michache kabla ya Goku kuanza kufa njaa, michoro ya Toriyama ilikuwa tayari imepata makao mazuri kwenye Famicom. Gemu hiyo ni Dragon Quest ya Enix, iliyobuniwa na Yuji Horii. Haikutokana na anime yoyote. Toriyama aliombwa achore majini yake, na yule jini wa uteute anayetabasamu akawa mmoja wa viumbe wanaopendwa zaidi katika historia ya gemu. Mchoraji alikuwa yuleyule na mashine ni ileile. Tofauti ni kwamba Horii hakuwa na jina la kumbeba, ikambidi atengeneze gemu.

Wa kwanza kuonyesha kwamba anime na gemu vinaweza kufungwa fundo moja walikuwa watu wa Tecmo, na waliifanya kazi hiyo kwa mpira wa miguu. Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi ni hadithi ambayo Waswahili wenzetu waliokulia Muscat na kwingineko Ghuba wanaijua kwa jina la Kapteni Majid, maana ndivyo ilivyorushwa kwa Kiarabu. Aliyeitazama anakumbuka uwanja usio na mwisho. Mchezaji anakimbia na mpira, anamkumbuka kocha wake wa utotoni, anajibizana na beki, anapiga shuti, na goli linaingia wiki ijayo. Utafanyaje gemu ya mpira kutokana na kitu kama hicho? Njia rahisi ingekuwa kutengeneza mpira wa kawaida na kuwavalisha wachezaji jezi za Nankatsu, timu ya shujaa Tsubasa.

Tecmo walikataa njia rahisi. Katika gemu yao ya mwaka 1988, ukiwa na mpira unakimbia huku ukiangalia ramani ndogo ya uwanja. Adui akikufikia, kila kitu kinasimama. Skrini inajaa miguu na uso, na unaulizwa: unapiga chenga, unatoa pasi, au unapiga shuti? Ukichagua, unatazama matokeo kwa picha kubwa za kusisimua, mpira ukipinda kama ndizi, kipa akiruka, na mtangazaji akiandika maneno yake chini. Mashuti makali hula nguvu za mchezaji, kwa hiyo Tsubasa hawezi kupiga Drive Shoot yake kila dakika. Inabidi umtunze, uwatumie wengine kufika langoni, kisha kipindi cha pili mkiwa mmefungwa moja ndipo umpe mpira. Zile sekunde zilizovutwa, ambazo kwenye televisheni zilikuwa kichekesho, hapa ni muda wa kufikiri. Udhaifu wa anime ukawa kanuni ya mchezo, kwenye mashine yenye kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Ndiyo maana namwonea shaka yeyote anayesema gemu za zamani zilikuwa mbovu kwa sababu mashine zilikuwa dhaifu. Toleo la pili, la mwaka 1990, ni bora zaidi. Marekani gemu ya kwanza ilifika mwaka 1992 ikiwa imevuliwa jina kama kawaida, ikaitwa Tecmo Cup Soccer Game, na haikuacha alama.

Street Fighter II ya Capcom, mwaka 1991, iliwapa wenye leseni za anime jibu lililosubiriwa. Hadithi za magazeti ya vijana wa Japani zilikuwa ni watu wanaopigana, na sasa kulikuwa na namna inayoeleweka ya kufanya watu wapigane kwenye skrini. Zikamiminika. Nyingi sina haja ya kuzitaja, lakini Dragon Ball Z: Super Butoden ya mwaka 1993 inastahili kusimamiwa kidogo kwa ajili ya mstari mmoja. Wapiganaji wa Toriyama hupaa, hutengana kwa maili kadhaa na kurushiana mionzi. Super Nintendo isingeweza kuonyesha umbali ule, basi watengenezaji wakaipasua skrini kwa mstari: wakitengana, kila mmoja anabaki kwenye kipande chake, na Kamehameha, mwonzi wa Goku, inaondoka upande huu na kuchukua muda kufika upande wa pili, huku anayelengwa akihangaika na vitufe ili aizuie. Ni ufumbuzi wa kimaskini na mzuri mno. Gemu hiyo iliuzwa hadi Ufaransa, ambako kipindi cha Club Dorothée kilikuwa kimekwisha kuwalea watoto na Dragon Ball tangu mwaka 1988.

Mwaka 1994 studio ndogo ya Treasure ilitoa Yu Yu Hakusho kwenye Mega Drive, ikiwa na nafasi ya watu 4 kupigana kwa pamoja, na kasi ambayo hata leo haijachakaa. Ulaya na Marekani hazikuipata. Brazil iliipata mwaka 1999 kupitia kampuni ya Tectoy, wakati dunia nzima ilikuwa imeshaizika Mega Drive. Kisha Capcom wenyewe, mwaka 1998, wakaichukua JoJo's Bizarre Adventure ya Hirohiko Araki, manga ambayo wakati huo ilikuwa na anime fupi ya kanda za video tu. Katika JoJo kila shujaa ana kivuli chake chenye nguvu kinachoitwa Stand, na maumivu ya kimoja ni maumivu ya kingine. Capcom waliweka kitufe kimoja cha kumwita na kumrudisha. Akiwa nje una nguvu zaidi na mikono miwili ya ziada, lakini mwili wa kupigwa nao umeongezeka, na akivunjika unabaki umeduwaa mbele ya adui. Mchezaji asiyewahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Araki anaelewa Stand ni nini ndani ya dakika 5, kwa vidole.

Halafu zikaja picha za pande tatu, na mengi kati ya haya yakasahauliwa. Dragon Ball GT: Final Bout ya mwaka 1997 kwenye PlayStation ina wapiganaji wanaosogea kana kwamba wanatembea ndani ya maji. Ultimate Battle 22, ya mwaka 1995, ilipelekwa Marekani mwaka 2003 ikiwa imeshazeeka miaka 8, kwa sababu tu Dragon Ball Z ilikuwa imeshika moto kwenye televisheni za huko. Haya ni matusi kwa mteja, na yalilipa.

Kilichobadilika kuanzia mwaka 2002 ni soko. Dragon Ball Z: Budokai ilitengenezwa na Dimps, studio ya Takashi Nishiyama, mmoja wa waliobuni Street Fighter ya kwanza, na ilitoka Ulaya na Marekani kabla ya kutoka Japani. Gemu ya anime ikawa bidhaa ya dunia. Budokai 3 ya mwaka 2004 ilikuwa gemu nzuri ya mapigano kwa kipimo chochote. Wakati huohuo studio ya Spike ilishika njia nyingine kwa mfululizo ambao nje ya Japani uliitwa Budokai Tenkaichi: kamera nyuma ya bega, uwanja mpana, kupaa popote utakapo. Toleo la tatu, la mwaka 2007, lilijaza wahusika 161 ukihesabu na miili yao ya kubadilika.

Hii ndiyo gemu ya anime ambayo vijana wengi wa huku kwetu waliishika mkononi kwanza. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na ilipochoka kwa wenzetu ilianza maisha mapya kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ikiwa imechipiwa ili isome diski za bei poa. Ufalme wa vibanda hivyo ni wa mpira, hilo halina ubishi. Ila kwenye rundo la diski zisizo na maboksi, Goku alikuwapo. Sheria ya kibanda ni moja: aliyepigwa anaachia pedi. Sheria hiyo ni mkaguzi wa ubora mkali kuliko hata magazeti ya gemu. Gemu yenye maelezo marefu haifui dafu pale, maana foleni haisubiri. Tenkaichi 3 ilifaa: pigano ni la dakika chache, mgeni akibonyezabonyeza anatoa moto, na mwenyeji wa kibanda bado ana siri 100 za kumwadhibu. Wapenzi wa Amerika ya Kusini waliipenda kiasi kwamba wamekuwa wakiongeza wahusika na kuibadilisha wenyewe kwa miaka mingi, bila ruhusa ya mtu.

Mafanikio hayo yalileta ugonjwa. Kuanzia hapo, kila anime yenye ngumi ilipewa uwanja wa duara, kamera nyuma ya bega, orodha ndefu ya wahusika na hadithi ileile iliyokwisha kuonyeshwa kwenye televisheni. Bandai ilikuwa imeungana na Namco mwaka 2005, na kapu la leseni likawa kubwa ajabu. Mpenzi wa Dragon Ball amelazimishwa kumpiga Raditz, kisha Vegeta, kisha Frieza, kwa mpangilio uleule katika gemu baada ya gemu. Sijui nimemuua Frieza mara ngapi. Nadhani hata yeye amechoka.

Ndani ya kapu hilo CyberConnect2 ya Fukuoka walisimama peke yao kwa muda. Naruto: Ultimate Ninja Storm ya mwaka 2008, na hasa toleo la pili la mwaka 2010, zilikuwa na mapigano makubwa ya hadithi yaliyochezwa kwa ustadi kuliko vipindi vingi vya anime yenyewe, ambayo ilizoea kujaza wiki kwa kumbukumbu za utotoni. Lakini ukitoa macho kwenye uzuri wa picha, utagundua kwamba katika vilele vile mkono wako unabonyeza kitufe kinachoonyeshwa kwenye skrini na kusubiri kingine. Ni Cliff Hanger ya mwaka 1983 iliyovaa suti. Nazipenda gemu hizi, ila tusidanganyane.

Kwa aliyetaka kuona jambo lingine, palikuwa na mashine ya mfukoni. Mwaka 2003 Treasure, walewale wa Yu Yu Hakusho, wakishirikiana na Hitmaker ya Sega, walitoa kwenye Game Boy Advance gemu iitwayo nje ya Japani Astro Boy: Omega Factor. Osamu Tezuka, baba wa Astro Boy, alikuwa na mazoea ya kuwatumia wahusika wake kama waigizaji wa kikundi kimoja: mwenye pua kubwa aliyekuwa daktari katika kitabu hiki anakuwa jambazi katika kile. Treasure waliyafanya mazoea hayo kuwa uti wa mgongo wa mchezo. Katoto ka roboti kanazunguka duniani, chini ya bahari na katika zama za kale, kakikutana na watu kutoka vitabu mbalimbali vya Tezuka, na kila anayemfahamu anamwongezea uwezo. Anapata nguvu kwa kufahamiana na watu, ambalo ndilo jambo Tezuka alilokuwa akilihubiri maisha yake yote. Na ukifika mwisho, gemu inakurudisha nyuma katika wakati, ukarekebishe maafa uliyoyaacha yatokee. Yote hayo kwenye katriji inayoingia mfuko wa shati.

Tezuka huyo anahusika pia na gemu inayotajwa leo kuwa kilele. Alipoanza kurusha Astro Boy kwenye televisheni mwaka 1963, bajeti haikutosha kuchora kila mwendo, basi studio yake ilichora michache na kushikilia kila mchoro kwa muda. Mkato huo wa gharama ukawa lafudhi ya anime nzima: mkono haupiti njia yote, unaruka kutoka pozi hadi pozi. Kwa miaka mingi gemu za pande tatu zilikosa lafudhi hiyo kwa kuwa kompyuta hujaza mwendo wa katikati yenyewe, kila kitu kikateleza, na jicho likakataa. Arc System Works, waliokuwa wametengeneza gemu ya mapigano ya Sailor Moon mwaka 1994, ndio waliouvunja ukuta. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa watengenezaji gemu huko San Francisco, Junya Motomura wa studio hiyo alieleza walivyofanya katika Guilty Gear Xrd. Waliifuta ile miendo ya katikati kwa makusudi, wakapanga kila pozi kwa mkono, wakampa kila mhusika taa yake, na kurekebisha kivuli cha uso mpaka kikaanguka pale ambapo mchoraji angekiweka.

Dragon Ball FighterZ, Januari 2018, ilitumia ufundi huo. Isimamishe popote utakapo, na picha unayoiona inaweza kutundikwa ukutani kama ukurasa wa Toriyama. Chini ya picha kuna mapigano ya watatu kwa watatu yenye kina cha kutosha kuwashughulisha mabingwa: kwenye mashindano ya Evo ya mwaka huo huko Las Vegas ndiyo iliyovuta washiriki wengi kuliko gemu nyingine zote, na SonicFox wa Marekani akamshinda Go1 wa Japani katika fainali. Kuna jambo dogo ninalolipenda zaidi. Ukiwa Gohan kijana, mwana wa Goku, ukimmaliza adui yake Cell kwa pigo zito katika uwanja unaostahili, gemu inakatisha kila kitu na kuonyesha tukio la hadithi ya asili. Hukulazimishwa kulipitia. Ulilikuta kwa kucheza.

Nitaje na gemu moja ambayo kwa ujumla si nzuri. One Punch Man: A Hero Nobody Knows ya mwaka 2020 ina picha za kawaida na kazi nyingi za kuchosha. Lakini tatizo lililowakabili Spike Chunsoft lilikuwa gumu: shujaa wa hadithi, Saitama, humaliza adui yeyote kwa ngumi moja, sasa utamwekaje kwenye gemu ya ushindani? Jibu lao ni kwamba Saitama anachelewa. Ukimchagua, anaonekana yuko njiani, na saa inahesabu. Wenzake wawili dhaifu lazima wavumilie kipigo hadi afike, wakijikinga na kukimbia, na akifika tu imekwisha. Hivyo ndivyo hadithi yenyewe ilivyo, tangu sura ya kwanza. Wazo moja kama hilo lina thamani kuliko wahusika 40 wa nyongeza. Omega Force nao walilipata lao mwaka 2016 walipozifanya kamba za Attack on Titan ziwe raha ya kuning'inia na kuruka, hata kabla hujakata shingo ya jitu lolote.

Upande wa pili wa mizani kuna Jump Force ya Februari 2019, iliyokusudiwa kusherehekea miaka 50 ya gazeti la Weekly Shonen Jump. Fedha zilikuwapo, Toriyama mwenyewe alichora wahusika wapya, na mashujaa wa gazeti hilo kama Goku, Luffy na Naruto wote walikuwa chumba kimoja. Watengenezaji wakaamua kuwapa ngozi yenye vinyweleo na nywele zinazong'aa kama za binadamu, wakawapiganisha kwenye barabara za New York. Luffy mwenye ngozi ya binadamu anatisha. Gemu iliondolewa sokoni Februari 2022, na huduma za mtandaoni zikafungwa Agosti mwaka huo. Gemu yenye leseni hukodishwa jina, na muda ukifika inaweza kutoweka dukani, iwe nzuri au mbaya. Omega Factor nayo huipati leo ila kwa muuza vitu vya mtumba, na kwa bei ya kukera.

Za kwenye simu zimepata watu wengi kuliko hizi zote, nami nitazipitia haraka kwa sababu hakuna mengi ya kusema. Dragon Ball Z: Dokkan Battle ya mwaka 2015 na ndugu zake zina michoro mizuri na muziki mzuri, na mchezo wenyewe ni bahati nasibu. Unalipa, unavuta, unaombea Goku adimu. Kwa kijana wa huku anayehesabu bando, gemu ya bure inayodai fedha kila wiki ndiyo ghali kuliko zote.

Oktoba 2024, miezi 7 baada ya Toriyama kufariki, mfululizo wa Tenkaichi ulirudi kwa jina la Sparking! Zero, ukiwa na wahusika 182, na ukauza nakala milioni 3 ndani ya saa 24. Ni gemu nzuri, yenye fujo inayotakiwa. Frieza yumo, na utamuua tena kwa mpangilio uleule, ingawa safari hii unaruhusiwa kuipindisha hadithi mahali kadhaa.

Ukiniuliza, Omega Factor ndiyo gemu bora iliyowahi kutokana na anime, FighterZ inafuata kwa karibu, na Captain Tsubasa ya pili iko palepale nyuma yao ikihema. Ukiwa na fedha za gemu moja tu na mashine ya kisasa, nunua FighterZ. Hushuka bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni. Na nyingine yoyote ikitangazwa kesho kwa sura ya shujaa umpendaye, usilipie kabla haijatoka. Subiri mtu aicheze, kisha muulize swali moja: wakibadilisha majina ya wahusika, gemu itakuwa imepoteza nini? Akikujibu kwamba haitapoteza chochote, iache dukani.